Shajara ya mradi: chuma kwa kalenda ya mhasibu

Machi, kabla ya kuanza

Lengo la mradi ni moja na linapimika: ifikapo mwisho wa Julai ning'oe kutoka chini chuma chenye uzito wa mwili wangu, yaani kilo 68, mgongo ukiwa umenyooka na mikono ikiwa imeshika yenyewe bila kamba. Pembeni yake kuna malengo madogo mawili. Kwanza, pushapu tano kamili za sakafuni, kifua kikigusa mkeka. Pili, kupanda ngazi za ofisini hadi ghorofa ya nane bila kusimama njiani.

Mimi ni mhasibu katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nyumbani ni Kimara, ofisini naenda kwa basi la mwendokasi, na nikishafika nakaa. Wanaoijua kazi hii wanajua mwezi wake ulivyo. Mpaka tarehe 7 PAYE na SDL, yaani kodi na tozo za mishahara, ziwe zimekwenda. Mpaka tarehe 20 ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, iwe imeingia. Katikati kuna usuluhishi wa benki, mishahara, na simu za wateja wanaotafuta risiti walizopoteza wenyewe. Kampuni inayofunga hesabu zake Desemba lazima iwasilishe ritani ya mwaka kabla Juni haijaisha, kwa hiyo Juni ni mwezi ambao watoto wangu huniona nikiwa nimevaa tayari asubuhi na nikiwa nimechoka usiku.

Programu nyingi za mazoezi nilizozisoma zimeandikwa kwa mtu ambaye wiki zake zote zinafanana: Jumatatu miguu, Jumatano kifua, Ijumaa mgongo, kila wiki ongeza kidogo. Za mhasibu hazifanani. Na suala si muda tu. Watafiti wa mazoezi wamelipima jambo hili: mtu mwenye msongo mkubwa huchelewa kurudisha nguvu za misuli baada ya zoezi zito kuliko mtu aliyetulia, hata kama zoezi ni lile lile. Ukiongeza kilo katika wiki ya ritani, unaudai mwili kitu ambacho kazi imeshakichukua.

Kwa hiyo nimechukua kalenda ya ofisi, ile ya ukutani, nikaigawa kwa kalamu. Wiki nyeupe: nafanya mazoezi mara tatu, naongeza uzito. Wiki nyekundu: mara mbili tu, dakika ishirini kila moja, uzito ule ule wa wiki iliyopita au pungufu, na hakuna kuongeza hata nusu kilo. Wiki nyekundu zimeandikwa mapema, miezi mitano mbele. Hili kwangu ndilo moyo wa mradi. Siku ya kupunguza ikiwa imeshapangwa, ikifika naitekeleza tu, sina haja ya kujadiliana na nafsi yangu saa mbili usiku.

Nimepima presha kwenye zahanati ya jirani kabla ya kugusa chochote. Iko sawa. Kunyanyua kizito huku umebana pumzi hupandisha presha kwa muda, na kazi zetu hizi za kukaa zina wengi wenye presha wasioijua. Anayetaka kuanza, apime.

Machi, wiki ya kumwaga zege

Jimu ya kulipia ipo, lakini ikifika saa ya kutoka kazini sipo katika hali ya kupanda gari la pili. Chuma kitakaa nyumbani, uani, chini ya kibanda cha mabati.

Fimbo nimeipata kwenye nyumba inayojengwa mtaa wa pili: kipande cha nondo ya milimita 25 kilichobaki kwenye nguzo. Nimekatiwa mita 1.8, ina uzito wa kilo 7 kasoro kidogo. Fundi aliniuliza, "Dada, hii unaenda kusimamisha nini?" Nikamwambia naenda kuinyanyua. Akaniangalia, kisha akachukua msasa wa mashine akasaga ncha zote mbili ili zisinichane. Hakuongeza hata senti. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea.

Nondo ina mbavu, na mbavu zinakula viganja. Nimekata tyubu kuukuu ya baiskeli kuwa ukanda mrefu, nikauzungusha sehemu mbili za kushikia nikiuvuta kwa nguvu ili usiteleze. Umeshika vizuri sana.

Sahani, yaani uzito wa duara unaopachikwa kwenye ncha za nondo, ni za zege. Beseni la plastiki lenye upana wa sentimita 32, ukimwaga zege kwa unene wa sentimita 5, linabeba lita 4 hivi, na lita 4 za zege ni kilo tisa na nusu. Uwiano wangu: saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu. Katikati nasimamisha kipande cha bomba la plastiki la inchi moja na robo ili libaki tundu la kupitisha nondo. Kabla ya kumwaga nimelaza ndani duara la wavu wa kuku, kwa sababu sahani ya zege tupu ukiiangusha inapasuka kama chapati kavu. Beseni nimelipaka mafuta ya kula, zege likatoka bila kubembelezwa.

Kazi inayochosha ni kusubiri. Zege linataka kunyweshwa: siku saba nimelifunika gunia na kulimwagia maji asubuhi na jioni. Limeshika, lakini nguvu yake yenyewe huja likifikisha siku 28, kwa hiyo sahani hazitaangushwa hadi Aprili iwe imekaribia katikati. Nimetoa jozi mbili kubwa na jozi moja ndogo, kila sahani yake kilo tano kasoro. Nimezipeleka kwa mwenye duka la nafaka akazipima moja moja kwenye mzani wake wa mawe, nami nikaandika uzito juu ya kila sahani kwa rangi nyekundu. Hakuna iliyolingana kabisa na mwenzake. Tofauti ya gramu mia mbili naimaliza kwa kifuko cha mchanga.

Vifuko hivyo vya mchanga vina kazi kubwa kuliko sura yake. Ni vya kilo moja moja, vimeshonwa kwa turubai, vinaning'inia kwenye nondo. Bila vifuko ningelazimika kuruka kutoka kilo 26 hadi 36 kwa mkupuo, na hapo ndipo migongo ya watu huumia.

Kuzuia sahani zisitoke: klipu za mpira wa maji, zile za kukaza kwa bisibisi. Na kwa kuwa sahani zangu ni fupi kuliko za jimu, ambazo huinua fimbo kama sentimita 22 kutoka sakafuni, naziweka juu ya mbao mbili ili nisiiname kupita kiasi.

Aprili, wiki nyeupe za kwanza

Mazoezi ni manne, basi. Kung'oa chuma kutoka chini. Skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama, nimekumbatia kitu kizito kifuani. Pushapu, kwa sasa mikono ikiwa juu ya ukingo wa meza. Na kubeba madumu mawili ya lita 20, moja kila mkono, kuzunguka uwanja hadi vidole vianze kufunguka.

Nimeanza na kilo 26. Nyepesi, na nimeiacha iwe nyepesi. Seti tatu, kila moja marudio manane, kila mara nikijiuliza mambo matatu: visigino vimeshika chini? Fimbo inapita karibu na ugoko? Nyonga na mabega vinapanda pamoja? Mwanangu wa kwanza ananirekodi kwa simu kutoka ubavuni, na kila seti tunaitazama pamoja. Yeye ndiye aliyeona kwamba kichwa changu kinanyanyuka kabla ya kila kitu. Sasa natazama jiwe lililopo hatua mbili mbele, na shingo imetulia.

Kila wiki nyeupe uzito unapanda, na mikono yangu ni ile ile, haijanenepa hata kidogo. Jambo hili lina maelezo yake. Nguvu ya wiki za mwanzo hutoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu: ubongo unajifunza kuamsha nyuzi nyingi za misuli kwa wakati mmoja. Nyama huja baadaye. Asiyelijua hili hujitazama kwenye kioo wiki ya nne akakata tamaa, wakati kazi inaendelea ndani.

Utaratibu wenyewe wa kuongeza kidogo kidogo una historia ninayoipenda. Miaka ya 1940 daktari Mmarekani, Thomas DeLorme, alikuwa katika hospitali ya jeshi mjini Chicago, wodi zimejaa askari wenye magoti na mapaja yaliyonyauka baada ya kuumia. Desturi ya wakati ule ilikuwa mazoezi mepesi mno. Yeye akawapa uzito wa kweli, akaupima, akaongeza kadiri mgonjwa alivyopata nguvu, na walipona haraka kuliko ilivyotarajiwa. Waliokuwa wakinyanyua hawakuwa wapiganaji wa ulingoni, walikuwa wagonjwa. Nikiona nondo yangu naikumbuka wodi ile.

Aprili, wiki ya tarehe 20

Nyekundu. Masika yameshika. Jangwani pamejaa maji, barabara ya Morogoro imefungwa, na safari ya kurudi Kimara imezunguka mji mzima. Nimefika nyumbani usiku. Kilo 36, seti mbili, marudio matano. Nimeoga, nimelala. Kalenda iliruhusu.

Mei mwanzoni: chakula

Nimekokotoa mahitaji ya protini kama ninavyokokotoa kitu kingine chochote. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba anayejenga misuli hapati faida kubwa zaidi akizidisha gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwangu ni kama gramu 109. Chakula changu cha kawaida cha ofisini, yaani chai ya maziwa na maandazi asubuhi, wali mwingi na maharage machache mchana, ugali usiku, kilikuwa hakifiki hata nusu.

Sijanunua unga wowote wa kopo. Dagaa wakavu wana gramu 60 hivi za protini katika kila gramu 100, na sokoni ni vichache vinavyowashinda kwa bei. Naamka nao: konzi moja iliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya, pamoja na mayai mawili, na maandazi yamebaki kuwa ya Jumamosi. Mama lishe wetu nimemwomba apunguze wali kijiko kimoja na kuongeza maharage vijiko viwili. "Haya mwanangu, kumbe unajenga mwili?" Tangu siku hiyo ananiwekea kipande cha samaki cha mkiani ambacho wengine hawakitaki. Mchana kati ya saa tisa na saa kumi, saa ambayo mkono huenda kwenye biskuti wenyewe, nina karanga kwenye droo na chupa ya mtindi.

Tofauti niliyoiona kwanza haikuwa kwenye chuma. Ilikuwa ile saa tisa ya mchana: macho yamebaki wazi.

Ofisini habari zimeenea. Dada mmoja wa idara yetu, namheshimu na ananipenda, ameniambia niangalie nisije nikawa na mwili wa kiume. Nimemjibu kwa upole kwamba homoni inayowajaza wanaume misuli, mwanamke anayo kidogo sana, na wanawake wanaonyanyua vyuma miaka na miaka wanabaki wanawake. Kisha nikamwambia kinachonisukuma: mifupa. Baada ya kukoma hedhi mwanamke hupoteza uimara wa mifupa kwa kasi, na kunyanyua uzito ni mojawapo ya njia zinazoisaidia mifupa kushika. Mama yangu mzazi alivunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni. Nilimuuguza. Sitaki binti yangu aje kuniuguza kwa jambo ambalo ningeweza kulipunguza nikiwa na miaka arobaini.

Hakusema kitu. Siku mbili baadaye ameniuliza beseni la sahani ni la ukubwa gani.

Mei katikati

Bega la kulia limekakamaa upande wa mbele, lile la mkono unaoshika panya wa kompyuta. Pushapu nimezirudisha kutoka ngazi ya chini hadi kwenye kiti. Nimeongeza zoezi la kuvuta: nimeinama, nondo yenye sahani ndogo, naivuta hadi tumboni, mabega yakikutana nyuma. Kazi ya mezani inaviringisha mabega mbele siku nzima, kwa hiyo nimeamua kuvuta mara mbili ya ninavyosukuma.

Panya nimemhamishia mkono wa kushoto. Mwendo ni wa kobe siku za kwanza, lakini bega linapumua.

Mei mwishoni: miguu na ngazi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Chuma kinatimiza la pili. La kwanza nimelitia kwenye safari ya kazini: nashuka kituo cha Fire badala ya Posta ya Zamani, napita vituo vya DIT na Kisutu, hadi Sokoine Drive kwa miguu, dakika ishirini na kitu. Jioni narudia. Viatu vya ofisini viko kwenye mkoba.

Kuna utafiti ninaoufikiria nikiwa nimesimama ndani ya mwendokasi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London alichapisha alichokiona kwa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji hilo. Dereva amekaa kutwa. Kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi kutwa. Wanatoka mitaa ile ile, wana mwajiri yule yule. Madereva walipata ugonjwa wa moyo zaidi, tena ukiwapata ulikuwa mkali zaidi. Miaka mitatu baadaye alirudi na vipimo vya sare zao, viuno vya suruali vilikuwa vipana zaidi kwa madereva tangu mwanzo wa ajira, na hilo likawafanya wasomi wajadiliane: je, ni kazi iliyowaumiza, au watu wa namna fulani ndio waliochagua udereva? Napenda mwanasayansi anayeupima upya utafiti wake mwenyewe. Lakini tangu hapo tafiti nyingi za watu wengine zimeelekea upande ule ule, na ngazi za kondakta zimebaki na heshima yake.

Ngazi zangu ni za ghorofa ya nane. Mlinzi wa chini, mzee wa makamo ya baba yangu, ananipokea kila asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lifti leo ni nzima."

"Asante mzee, napita huku."

Ghorofa ya tano ilikuwa ndiyo ukuta wangu, mapaja yanawaka, nashika reli. Wiki hii nimepita ya tano nikiwa bado naongea na simu. Nimefika ya nane. Lengo hilo nimelipigia mstari, na nimemwaga jozi ya tatu ya sahani kubwa ili ikomae kabla ya Julai.

Juni

Mwezi mzima ni mwekundu kasoro wiki ya kwanza. Nitauandika kwa urefu kwa sababu ndio mwezi uliokuwa ukiua kila jaribio la kila mfanyakazi mwenzangu ninayemjua.

Uzito umesimama kilo 54. Haupandi na hautapanda. Kila kipindi ni kimoja: kupasha mwili dakika tano, kung'oa chuma seti tatu za marudio manne, kubeba madumu mizunguko miwili, kuingia ndani. Mara nyingine inakuwa saa nne usiku, mwanga ni wa taa ya uani, na nasikia jirani akifunga geti.

Nilichokiona kwenye mwezi huu ni hiki. Msongo wa mezani una tabia ya kutoisha. Ritani ikienda, mteja anapiga kuuliza nyingine. Mwili umeandaliwa kupigana au kukimbia, moyo unadunda, taya zimebana, na bado umekaa. Nikiishika nondo, kwa sekunde kadhaa hakuna kingine. Kuna visigino, kuna pumzi, kuna tyubu ya baiskeli ndani ya viganja, na uzito unaotoka chini polepole halafu ghafla uko mapajani. Namba zilizokuwa zikizunguka kichwani hazina nafasi. Nikiuweka chini, pumzi ndefu inatoka yenyewe, na mabega yanashuka mahali pake. Baada ya hapo nalala. Usingizi ndio niliokuwa nautafuta Juni zote za nyuma, nikijilaza saa tano na kutazama dari hadi saa nane.

Usingizi nimeulinda kwa sheria mbili. Kahawa haivuki saa nane mchana, kwa sababu inachukua masaa mengi kutoka mwilini. Na kompyuta ya kazi inalala sebuleni, haiingii chumbani hata kama kuna barua pepe ya bosi.

Wiki ya mwisho kabla ya tarehe 30 nimefanya kipindi kimoja tu badala ya viwili. Nimekiandika hivyo hivyo, kimoja. Safu ya kalenda haina pengo.

Julai

Wiki ya kwanza: mapumziko. Kutembea tu, ufukweni Coco na watoto jioni ya Jumapili, na kula. Viganja vimelainika kidogo, sugu zimebaki chini ya vidole vya pete.

Wiki ya pili nimerudi kwa kilo 50 na ilipanda kwa urahisi. Mwili uliokuwa umezuiwa kuongeza mwezi mzima ulikuwa na akiba. Kisha 57. Kisha 62, rudio moja moja, na video inaonyesha mgongo umenyooka kuliko wa Aprili.

Pushapu za sakafuni: nne safi. Ya tano nyonga inalegea, siihesabu. Bega limetulia kabisa, naliongezea kazi taratibu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jozi tatu kubwa na vifuko vinne vya mchanga: kilo 68 kwa mzani wa mwenye duka la nafaka. Nimepasha kwa 26, 45, 57, na mapumziko ya dakika tatu tatu katikati. Nimesimama, fimbo juu ya katikati ya nyayo. Nimevuta hadi nondo ikaacha kulegea kwenye matundu ya sahani, nikasukuma ardhi kwa miguu. Ilikawia chini ya magoti. Kisha ikapita, nikasimama wima nayo, nikahesabu moja, mbili, nikaishusha kwenye mbao bila kuiangusha. Binti yangu ana video. Yule dada wa idara yetu alikuwepo, amekuja kuchukua beseni, na alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia juu ya ukuta.

Agosti hadi Oktoba. Uzito wa kazi unarudi 57, seti tatu za marudio matano, kuongeza kilo mbili kila wiki nyeupe. Pushapu lengo ni nane. Tarehe 7 na 20 zimeshapakwa nyekundu hadi Desemba, pamoja na mwisho wa robo ya mwaka, Septemba. Sahani ndogo mpya, kilo mbili na nusu kila moja, nitazimwaga mwishoni mwa wiki hii.